Orwell au Huxley: je, 1984 iondolewe darasani?

Mleta mada anadai kwamba 1984 ya George Orwell imepitwa na wakati, na kwamba walimu wanaofundisha riwaya za distopia, yaani za jamii ya kubuni yenye utawala wa kutisha, wangebaki na Brave New World ya Aldous Huxley peke yake, kwa kuwa watu wa leo, simu zikiwa mikononi, hutawaliwa kwa starehe, kama kwa Huxley, na si kwa mateso, kama kwa Orwell. Hoja hiyo si ngeni. Huxley mwenyewe, ambaye aliwahi kumfundisha Orwell Kifaransa shuleni Eton, alimwandikia barua Oktoba 1949 akimweleza kuwa watawala wa baadaye wataona ni afadhali kuwazoesha watu kuupenda utumwa wao kuliko kuwachapa na kuwapiga mateke.

Sikubaliani, ingawa nakiri kwamba nilipokuwa mwanafunzi nilimchagua Huxley, zaidi kwa sababu kitabu chake ni kifupi. Msomaji asiyeishia kwenye chumba cha mateso ataona kwamba katika 1984 Chama kinachotawala huwapeleleza hasa wanachama wake. Makabwela, ambao ni asilimia 85 ya watu wa Oceania, dola ya kubuni ya riwaya hiyo, wameachiwa bia, mpira, nyimbo zinazotungwa na mashine, na bahati nasibu ambayo washindi wake wa zawadi kubwa ni watu wa kubuni tu. Je, hiyo si starehe inayotawala? Kwa upande wa Huxley, John, kijana aliyelelewa nje ya mfumo huo, anapovitupa dirishani vidonge vya soma (dawa ya kuleta furaha inayogawiwa na serikali) vya vibarua wa hospitali na fujo kuzuka, polisi hufika wakiwa na mashine za kunyunyiza soma hewani na bastola za maji yenye dawa ya ganzi, na baadaye rafiki zake Bernard na Helmholtz huhamishiwa visiwani. Virungu havionekani, lakini dola ni ileile.

Kwa hiyo swali la nani alitabiri vyema linawapotosha wanafunzi. Ningependa waulizwe kwa nini tawala zote mbili zinaogopa maandishi ya kale: Winston, mhusika mkuu wa 1984, analipwa mshahara kusahihisha magazeti yaliyokwisha kuchapishwa ili yalingane na kauli za Chama, ilhali Mustapha Mond, mtawala katika Brave New World, anaifungia Biblia ndani ya kasha la chuma.

Kuna jambo moja ambalo mleta mada angeweza kulitumia dhidi yangu, naye hakulitumia. Katika Fahrenheit 451 ya Ray Bradbury, ya mwaka 1953, Kapteni Beatty, mkuu wa askari wa zimamoto ambao kazi yao ni kuchoma vitabu, anamweleza askari wake Montag kwamba kuchoma vitabu hakukuanza kwa amri ya serikali. Watu wenyewe walichoka kusoma, kila kundi likalalamikia kitabu kilicholiudhi, na askari wa zimamoto wakaja baadaye kumalizia kazi. Ikiwa hoja yake ni simu na uvivu wa kusoma, naomba atueleze kwa nini hakukipendekeza kitabu hicho.