Gumzo la ukoo: kura ya Kassim

Kassim: KURA. Dawa za kulevya zihalalishwe kama jimbo la Oregon, Marekani? Ndiyo / Hapana

Rehema (Portland): Shikamooni wakubwa. Kassim, Oregon haikuhalalisha. Measure 110, sheria iliyopigiwa kura na wananchi, ilipita Novemba 2020 kwa 58%, ikaondoa jinai kwa mtumiaji tu. Kuuza kulibaki kosa lilelile. Ukikutwa na heroini chini ya gramu 1 ulikuwa unaandikiwa faini ya dola 100. Ukipiga simu ya huduma ukafanyiwa tathmini ya afya, faini ilikuwa inafutwa.

Mjomba Salim: Marahaba. Na asiyepiga?

Rehema: Hakufanywa kitu mjomba. Wengi hawakupiga.

Shangazi Zuhura: Hapo ndipo palipovuja. Ureno nao waliondoa jinai kwa mtumiaji Julai 2001, kiwango ni matumizi ya siku 10: heroini gramu 1, bangi gramu 25. Lakini ukikamatwa unatakiwa ndani ya saa 72 ufike mbele ya tume ya watu watatu, mwanasheria na watu wa afya au ustawi wa jamii. Mraibu anaunganishwa na tiba palepale. Oregon waliondoa pingu Februari 2021, fedha za tiba zikasuasua hadi 2022.

Kassim: Vifo je? Vilipanda.

Rehema: Fentanili, dawa kali kuliko heroini, iliingia wakati huohuo. Watafiti walioiweka fentanili kwenye hesabu hawakuona sheria ikiongeza vifo. Ila mwenye duka anaona mtu anavuta mlangoni kwake kila asubuhi. Agosti 2023, kwenye uchunguzi wa maoni, 56% walitaka sheria ifutwe yote.

Mjomba Salim: Uchunguzi huo alilipia nani?

Rehema: Taasisi inayopinga sheria. Hata hivyo bunge lilisikia: jinai imerudi 1 Septemba 2024, kifungo hadi siku 180.

Kassim: Kwetu polisi wakiendelea kukamata kuna ubaya gani?

Shangazi Zuhura: Methadoni, dawa ya kutibu uraibu wa heroini, inanywewa kila siku mbele ya mhudumu, Muhimbili wanatoa tangu 2011. Mteja akikamatwa njiani, arosto inaanza siku ya pili. Akikosa siku 3 au zaidi huwezi kumrudishia dozi ileile, mwili umeshapoteza uzoefu, atalala pumzi ikate. Unaanza chini, unapandisha taratibu. Wengi hapo hurudi kwenye unga.

Kassim: Nimefuta. KURA MPYA. Mtu akikutwa na kete 1 ya kutumia mwenyewe: (a) mahakamani (b) tume ndani ya saa 72 (c) faini

Shangazi Zuhura: Kwenye (b) ongeza "kliniki ikiwepo wilayani".