Mtihani wa sayansi wa kompyuta: binti kafanya jaribio vizuri, kapewa sifuri!

Wakuu, nimechafukwa. Mods, tafadhali msiuunganishe uzi huu na ule wa ada.

Binti yangu yuko kidato cha tatu, shule ya kulipia huku Tabata, jina nalihifadhi. Kwenye kikao tukaambiwa watoto sasa watapimwa kwa kompyuta uwezo wa kutatua matatizo ya kisayansi. Mchango elfu thelathini kila mtoto. Nikalipa bila kinyongo.

Juzi matokeo yametoka, swali la pendulamu (kile kizito kinachobembea kwenye kamba) kala sifuri. Nikamkalisha anieleze. "Baba, nilianza kubadilisha uzito, muda haukubadilika. Nikauacha uzito, nikagusa urefu tu. Kwenye sentimita 25 inaenda na kurudi kwa sekunde moja, kwenye 100 sekunde mbili." Akajaza 2. Mashine inataka 2.0. Kosa! Na asije mtu kunifundisha tarakimu muhimu hapa, swali halikutaja desimali popote.

Mwenzake wa jirani hakuigusa kabisa ile pendulamu. Alikokotoa kwa fomula aliyokariri, akaandika 2.0, kapata zote. Sasa hapo mmepima nini?

Nikamfuata mwalimu. "Mzee, mfumo ndio umesahihisha." Kwenye karatasi si angempa hata maksi za njia?

Wenzetu wa PISA, ule mtihani wa kimataifa wa wanafunzi wa miaka 15, mwaka 2015 walikuwa na swali la mtu anayekimbia kwenye joto. Mtoto anabadilisha mwenyewe joto la hewa, unyevunyevu, na kama mkimbiaji anakunywa maji au la, anaangalia jasho na joto la mwili. Akishajibu, anatakiwa achague kwenye jedwali la majaribio yake data zinazothibitisha alichosema. Yaani anaulizwa umejuaje. Hiyo ndiyo kazi ya kompyuta, kumuona mtoto anavyohangaika na tatizo mpaka analipata. Huku kwetu imenunuliwa ili mwalimu apumzike kusahihisha. (Halafu mausi zenyewe nusu zimekufa, wanapokezana.)

Nikaomba nioneshwe alichobonyeza binti, hatua kwa hatua. Eti programu yao haitunzi, inabakiza jibu la mwisho tu. Elfu thelathini!

Walimu wa fizikia mliomo humu, hii kwenu ipo? Jumatatu saa mbili nipo getini kwao na daftari la binti, kaandika humo majaribio yote saba. Wasahihishe hilo au wanirudishie hela yangu.