Rwanda na Burundi wahamie kushoto kama sisi, au waachwe?

Mtu wa Kahama: Wakuu, Jumuiya moja, pande mbili za barabara. Sisi, Kenya na Uganda kushoto. Rwanda na Burundi kulia. Ukivuka Rusumo na lori unabadilisha upande. Mbelgiji kaondoka 1962, wanang'ang'ania nini?

Gololi: Mbelgiji alichagua tu, kinachoshikilia ni kingine. Maynard Smith na Price, wanasayansi wa mageuzi ya viumbe, walikieleza 1973: mkakati ambao wote wakiufuata, wachache wanaojaribu mwingine wanaumia. Kulia uko hivyo, kushoto vilevile. Endesha kushoto peke yako Kigali, jioni tunachanga rambirambi. Nusu kwa nusu nayo ni usawa, maana hakuna upande wenye nafuu, ila ni gololi juu ya bakuli lililopinduliwa. Iguse tu, inaporomoka.

Mama Chapati: Wanaumia wapi? Boda wanapita kulia, kushoto, hadi mtaroni, na kila siku wanaongezeka! Wiki jana mmoja kaning'olea kioo cha pembeni, halafu ananiuliza kama nina macho.

Boda Mwaka wa Sita: Dada, abiria ndiye anayesema "niwahishe". Mbona yeye humtaji?

Mama Chapati: Abiria ndiye aliyeshika usukani?

Boda Mwaka wa Sita: Boda haina usukani, ina hendeli. Anza na hapo.

Gololi: Jamani, boda ni hesabu nyingine. Anafaidi kupita kinyume kwa kuwa wengine wamenyooka. Wakizidi wanagongana wenyewe, faida inaisha, idadi inatulia katikati. Ndiyo ile hesabu ya mwewe na njiwa: mbabe anafaidi wapole wakiwa wengi, wababe wakijaa wanaumizana.

Boda Mwaka wa Sita: Kwa hiyo mimi mwewe. Asante sana, msomi.

Babu Mstaafu: Wanangu, Uswidi 1955 walipigisha kura, zaidi ya asilimia 80 wakakataa kuhama kutoka kushoto kwenda kulia. Serikali ikahamisha hivyohivyo, Septemba 3, 1967, saa 11 alfajiri, nchi nzima kwa mpigo. Mmoja mmoja haiwezekani.

Mama Chapati: Shikamoo babu. Uswidi walikuwa na boda?

Kijana wa Yadi: Samoa nao 2009 walihamia kushoto ili wapate magari ya bei nafuu ya Australia, New Zealand na Japani. Usukani kulia. Mtu wa Kahama, hebu sema ukweli, una mzigo wa Kigali?

Mtu wa Kahama: Ni magari mawili tu.