Nani aliwaambia "run" ni kukimbia tu? Kamusi zetu zimetuponza

Wakuu, nina hasira na sitaificha. Juzi kazini nimegombezwa mbele za watu kwa ajili ya neno la herufi tatu, neno ambalo nimeaminishwa tangu utotoni kwamba ninalijua.

Nilikuwa nimeandaa tangazo. Bosi akaniandikia ujumbe mmoja: "Run it by me before you run it." Nikausoma mara nne. "Run" ni kukimbia, nikajiambia, basi anataka haraka. Ya pili nikaichukua kama msisitizo. Nikalirusha tangazo dakika ileile, na tarehe ndani yake ilikuwa imekosewa. Kumbe alichosema ni hiki: nionyeshe kwanza kabla hujalitoa. Neno lilelile mara mbili kwenye sentensi moja, kila moja na maana yake, na hakuna hata moja iliyohusu miguu.

Usiku nikafungua kamusi niliyoitumia tangu shule. "Run: kimbia, enda mbio." Basi. Mstari mmoja!

Sasa sikieni. Kamusi kubwa ya Oxford, katika toleo la pili la mwaka 1989, neno lililochukua nafasi ndefu kuliko yote lilikuwa "set", lenye maana zipatazo 430. Walipoanza kuandaa toleo la tatu, "run" ikalipita. Mhariri wake, Peter Gilliver, alikaa na neno hilo moja miezi tisa na kufikisha maana 645, tena za kitenzi peke yake. Mtaalamu ambaye Kiingereza ndiyo kazi yake anahitaji miezi tisa, halafu mimi mgeni wa lugha nipewe mstari mmoja na kuambiwa kariri!

Pua ikitoka kamasi, ni "run". Maji yakitiririka bombani, injini ikiwa inafanya kazi, programu ikiwa imewashwa kwenye kompyuta, mkataba wa miaka miwili ukiendelea, rangi ya nguo ikichuja kwenye beseni, kote huko ni "run". Kuendesha biashara pia. Wenye akiba wakifurika benki kutoa pesa kwa hofu kwamba itafilisika, hiyo nayo ni "run", safari hii nomino. Kwenye siasa ndiyo usiseme: Marekani mgombea "anakimbia", Uingereza mgombea wa ubunge "anasimama". Mtu mwenye kamusi ya mstari mmoja ataelewaje kwamba wote wawili wanagombea?

Na hapo bado hujafika kwenye vile vineno vidogo vinavyofuata nyuma, ambavyo ndivyo vinavyotumaliza. "I ran into your brother" maana yake nilikutana na ndugu yako bila kutarajia. Badilisha ndugu uweke ukuta, sasa umeugonga. "Run over" inaweza kuwa gari limemkanyaga mtu, inaweza kuwa kikao kimepitiliza muda, inaweza kuwa upitie maelezo yako harakaharaka. "Run out" ni kuishiwa. Kuna mwalimu aliyewahi kukueleza haya? Mimi niliambiwa jifunze maneno kumi kila siku, kila neno na maana yake moja, na nikapewa alama za juu kwa kukariri ujinga.

Najua atatokea mtu aseme mbona na sisi tuna "piga": piga simu, piga pasi, piga kura, piga magoti. Ndugu, si sawa. Kwenye "piga" nomino inayofuata inakufungulia mlango. Ukisikia pasi, umeshaelewa. Na tukitaka kugeuza maana ya kukimbia tunaigeuza ndani ya kitenzi chenyewe: kimbia, kimbilia, kimbiza, kimbizana. Sikio linasikia neno limebadilika. Kwenye Kiingereza "run" inabaki vilevile, na kilichobadilika kimekaa pembeni kama kitu kisicho na kazi. Tofauti hii ndiyo ingepaswa kufundishwa siku ya kwanza, na ndiyo hiyo haifundishwi.

Kwa hiyo hasira yangu haiko kwa Waingereza. Lugha yao, waitumie watakavyo. Hasira yangu iko kwa wanaotutungia kamusi za Kiingereza kwa Kiswahili na kuona aibu kutumia kurasa mbili kwa neno moja, wakati maneno wasiyoyatumia watu wamejaza kitabu kizima. Punguzeni hayo! Tupeni "run", "set", "get" na "take" kwa sentensi kamili, kila sentensi na Kiswahili chake pembeni.

Mwenye kamusi inayofanya hivyo aweke jina lake hapa chini. Na tafadhali, asije mtu kuniambia nitumie programu ya kutafsiri ya kwenye simu. Ule ujumbe wa bosi nimeuingiza humo, na imeniletea "kimbia" mara mbili.