Kuku 200, faida 88,500. Gharama gani siziandiki?

MamaSharifa_Chuno

Salamu wana jukwaa. Niko Mtwara mjini, kata ya Chuno. Nafuga kuku wa nyama uani kwangu, huu mwaka wa tatu. Swali langu lina maelezo marefu, mnivumilie.

Nina daftari. Mume wangu aliwahi kuwa karani wa chama cha msingi huko Tandahimba, ndiye aliyenizoesha kuandika kila shilingi, hata ya kiberiti. Kundi langu lililopita lilikwenda hivi: vifaranga 200 kwa 1,900, ni 380,000. Chakula mifuko 13 ya kilo hamsini, kila mmoja 76,000, ni 988,000. Mkaa wa kuwapasha joto magunia mawili, 70,000. Maranda 18,000. Chanjo na dawa 62,000. Walikufa 11, nikauza 189 kwa 8,500. Toa huku, jumlisha kule, nimebaki na 88,500. Wiki tano hizo, na kila siku naamka saa nane usiku kuangalia jiko la mkaa lisizimike.

Lakini sikuja kulilia faida. Nimekuja kwa sababu ya ule mstari wa dawa.

Dukani nilipoanza walinipa utaratibu wa mdomo: siku tatu za kwanza tia antibayotiki kwenye maji ya kunywa, wiki ya tatu rudia. Nikauliza, hata kama hawaumwi? Nikajibiwa hapo ndipo unawakinga. Nimefanya hivyo kwa kila kundi, sijaruka hata moja. Sijawahi kuulizwa cheti wala kuona daktari wa mifugo akikanyaga uani kwangu.

Sasa, mwezi uliopita mwanangu wa mwisho, ana miaka sita, kashikwa na UTI. Dawa ya kwanza kanywa, homa iko palepale. Ya pili, homa palepale. Wakaotesha mkojo maabara waone ni kimelea gani. Siku ya tatu daktari kaniita, kanionesha karatasi ina majina ya dawa yamepangwa kwenda chini, na mbele ya kila jina herufi moja. R, R, S, R, R. Akasema R ni kwamba kimelea kimeshaizoea dawa, haimfanyi kitu; S ni kwamba bado inamuua. Jina la nne lilikuwa siprofloksasini. Nikalisoma mara mbili maana ule mkia wake niliwahi kuuona mahali. Narudi nyumbani, naenda stoo, nachukua chupa ya dawa ya kuku iliyobaki robo: enrofloksasini. Mkia uleule.

Mtoto alichomwa sindano siku saba, amepona, alhamdulillah, sasa hivi anakimbiza mpira. Bili ilikuwa 112,000. Nimelifungua daftari la kuku, sijui niiandike ama nisiiandike.

Na nikianza hivyo siishii hapo. Bibi wa nyumba ya pili alikuwa anakaa barazani jioni anasuka ukili, sasa anasukia chumbani kwa ajili ya harufu na nzi. Mvua za Machi mbolea yangu ilisombwa ikaelekea upande wa kisima cha jirani. Hayo nayo yana bei? Analipa nani?

Wenye ujuzi nisaidieni: yawezekana kuku wangu wamehusika? Na nikiacha dawa za kukinga, watakufa wote?

dokta_mifugo_Lindi

Dada, pole kwa mtoto.

Nianze na gumu. Karatasi ile peke yake haiwezi kusema kimelea cha mwanao kimetoka bandani. Usugu unaweza kutoka sehemu nyingi, na sisi binadamu tunauzalisha wenyewe kwa kununua vidonge vinne vya antibayotiki kwa ajili ya mafua na kuviacha nusu. Usijihukumu. Ila hofu yako ina msingi. Enrofloksasini ikishaingia mwilini mwa kuku, sehemu yake hugeuka kuwa siprofloksasini yenyewe. Kimelea kilichojifunza kuishi na moja kinakuwa kimeshapata somo la nyingine, nacho hakibagui kuku na mtu.

Na si habari ya jana. Marekani waliziruhusu dawa za jamii hiyo kwa kuku miaka ya tisini, na kufika 2005 wakaipiga marufuku enrofloksasini kwa kuku, kwa sababu bakteria wa Campylobacter, wale wanaoharisha watu, walishaanza kuwa sugu. Sweden walikataza antibayotiki za kukuzia mifugo tangu 1986, Umoja wa Ulaya wote ukafuata Januari 2006. China walikuwa wanawalisha nguruwe kolistini kama kikuzio. Kolistini ni dawa ambayo hospitali huiweka nyuma ya kabati kwa mgonjwa ambaye nyingine zote zimeshindwa. Mwaka 2015 watafiti wakatangaza wamekuta jeni (chembe ya urithi) ya usugu dhidi yake kwenye nguruwe, kwenye nyama na kwa wagonjwa, jeni inayohama kutoka bakteria mmoja kwenda mwingine. 2017 serikali yao ikaiondoa kwenye chakula cha mifugo. Miaka yote hiyo nyama iliuzwa bei rahisi, na hakuna risiti iliyoandikwa "kolistini ya mgonjwa".

Kwa nini kuku wa kisasa anahitaji kubembelezwa hivi? Muangalie mwenyewe. Kanada, chuo kikuu cha Alberta, walilea pamoja kuku wa aina tatu kwa chakula kilekile: mbegu iliyohifadhiwa bila kuboreshwa tangu 1957, nyingine ya 1978, na broila wa 2005. Siku ya 56 wa kwanza alikuwa na gramu 905, wa pili 1,808, wa tatu 4,202. Kidari kimekimbia, moyo na miguu vinafuata nyuma vikihema. Mjaze kuku huyo kwenye banda la bati, Novemba ya Mtwara, juu ya maranda mabichi, halafu ushangae anaumwa. Antibayotiki hapo inafanya kazi ya dirisha na ya sepetu.

Kwa hiyo acha za kukinga, dada. Ila usiache kisha ukakaa vilevile. Banda lako la kuku 200 lina mita za mraba ngapi? Nakisia kumi na tano, umewabana. Shusha wawe kumi kwa kila mita. Maranda yakilowa toa siku hiyohiyo, ukisubiri kesho utaona damu kwenye kinyesi. Chanjo ya kideri siku ya saba na ya ishirini na moja, gumboro katikati hapo, na hizo ni chanjo, si antibayotiki, usichanganye. Wakiumwa kweli, ita mtu apasue mmoja aone ndani kabla hujanunua chupa. Na ukitibu, hesabu siku za kusubiri zilizoandikwa kwenye kibandiko kabla ya kuuza. Hapo wengi wanatuangusha: kuku anapewa dawa Jumatatu, Ijumaa yuko kwenye mafuta ya moto.

Mudi_chipsi

Mimi ndio hayo mafuta ya moto 😂

Dokta nakuheshimu, lakini nyie mnaongea kama watu waliokwisha kula. Kienyeji sokoni hapa jogoo 25,000. Nikimkatakata nikauza robo, nani anunue? Bodaboda ana elfu tatu na njaa. Broila ndiye aliyeleta nyama kwenye sahani ya mtu wa kawaida. Zamani kuku ilikuwa sikukuu na mgeni. Mama Sharifa endelea kuzalisha, ila punguza bei, 8,500 unatuua.

korosho_Newala

Mudi, nani kakwambia bei rahisi inaishia kwenye sahani.

Sisi huku tuna salfa. Ubwiriunga, ugonjwa wa ukungu mweupe, ukishuka kwenye maua ya mkorosho usipopulizia hupati kitu, hilo silipingi, nimesomesha watoto kwa salfa. Lakini alfajiri moja nilipulizia mashine mgongoni, upepo ukageuka, nikarudi nyumbani macho kama pilipili, mke wangu kanifua shati mara tatu harufu iko palepale. Na ule unga unaodondoka chini, mwaka hata mwaka, salfa ikikaa ardhini inageuka tindikali. Shamba langu la juu ambalo limepigwa miaka mingi, muhogo wa katikati ya mikorosho umekuwa vidole vya mtoto. Mnadani wananipa bei ya kilo ya korosho. Hakuna anayekata wala kuongeza kwa ajili ya udongo.

Mama Sharifa, iandike hiyo 112,000. Hata kama si kuku wako. Iandike kwa kalamu nyekundu.

Mzee_wa_Nachingwea

Wanangu, mambo haya sisi huku tumeyaona kabla ya broila.

1947 Waingereza walikuja na mradi wa karanga. Kwao kulikuwa na uhaba wa mafuta ya kula baada ya vita, basi wakapiga hesabu London: ekari zaidi ya milioni tatu, nyingi zikiwa kwetu: Kongwa, Urambo na Nachingwea. Vifaru vya vita wakavigeuza matrekta. Marehemu baba yangu alikuwa kijana, kazi yake kutembea nyuma ya matrekta mawili yaliyofungwa mnyororo mmoja, yakienda yanang'oa miti yote iliyoko katikati. Alisema nyuki walikuwa wanashuka kwa hasira mpaka dereva anaruka. Bandari ya Mtwara na ile reli vilijengwa kwa ajili ya karanga hizo. 1951 wakafunga virago, pauni milioni 36 za walipa kodi wao zimekwenda, na kwetu zikabaki mbuga zilizonyolewa. Reli nayo ikaja ikang'olewa. Ndiyo maana hapo Mtwara mna kata inaitwa Reli, na ukitafuta reli yenyewe huioni.

Hesabu yao ya karatasi ilikuwa safi kabisa. Msitu haukuwa na mstari.

Mudi_chipsi

Mzee wangu shikamoo, ila na wewe kila mada lazima karanga zipite 😂 Juzi tulikuwa tunaongelea simu.

Mzee_wa_Nachingwea

Marahaba. Na simu zina karanga zake, nitakueleza.

MamaSharifa_Chuno

Narudi baada ya wiki sita, samahani kwa ukimya. Nilisema nisijibu mpaka niwe na namba.

Dokta, banda lina mita kumi na tano na nusu, ulikisia sawasawa, nimeona aibu. Nimeweka 150. Maboksi yalishuka kwenye basi la Dar saa nne usiku badala ya jioni, vifaranga wamepoa, nikaanza kwa kupoteza tisa kabla wiki haijaisha. Siku ile mkono uliniwasha kwenda kwenye chupa, nisiwafiche. Niliifunga kwenye mfuko nikampa mume wangu aikalie. Niliwaongezea mkaa, nikaziba upande wa upepo kwa magunia, wa kumi hakufa mpaka wiki ya nne. Jumla wamekufa 14.

Nimeuza 136 kwa bei ileile, 1,156,000. Vifaranga 285,000. Chakula mifuko tisa, 684,000. Mkaa 60,000. Maranda yamepanda mara mbili, 36,000, maana nabadilisha kila yanapolowa. Chanjo na vitamini 38,000. Jumla 1,103,000. Nimebaki na 53,000. Kwa hiyo kuacha dawa na kuwapa nafasi kumenigharimu 35,500 ukilinganisha na kundi lile, ndio bei yake, sasa naijua.

Harufu imepungua kweli. Bibi wa jirani katoka tena barazani, lakini nzi bado wapo, naye hakuchelewa kuniambia. Mbolea nimechimbia shimo nafunika kwa udongo, na kuna kijana wa mchicha anakuja kuichukua kwa toroli, ananipa 1,000 kwa kiroba. Hilo nimeliandika upande wa mapato, ila sijalitia kwenye jumla ya hapo juu kwa kuwa ameanza juzi.

Jambo moja Dokta hukuligusa: utegemezi. Mei 2024 kimbunga Hidaya kilipokata barabara kule Somanga, kwenye njia ya Dar, nilikuwa na kundi la wiki mbili bandani na mfuko mmoja wa chakula. Vifaranga Dar, chakula Dar, dawa Dar. Niliwachemshia pumba na dagaa niliobahatika kuwapata feri, wakadumaa, nikauza hasara. Kuku wa mama yangu kijijini siku zile walikuwa wanachakura chini ya mikorosho kama hakuna kilichotokea. Sisemi nirudi kwa wale, wanataga wanapotaka na mwewe ana zamu yake. Lakini kimbunga kile nacho kiko kwenye daftari, ukurasa wake peke yake.

Ile 112,000 nimeiandika. Kaka wa Newala, kalamu nyekundu sikuwa nayo, nimetumia ya kijani ya mtoto.

Sasa nina ombi. Kundi lijalo nataka kuuza 8,800, nimwambie mnunuzi ukweli kwamba hawakunyweshwa dawa ya kukinga. Majirani watano wamekubali. Mudi, nimekutumia ujumbe tangu Jumapili kuhusu hiyo mia tatu, naona umeusoma.

Mudi_chipsi

Nimeusoma Mama Sharifa. Nipe wale wenye kilo mbili tu, nianze na kumi. Wakibaki kwenye friji nakurudishia.

MamaSharifa_Chuno

Kuku aliyechinjwa harudi. Kumi, Ijumaa, njoo na pesa taslimu.