Adenosini na AMP: tofauti ni fosfeti tu?

Wakuu, nikichora molekuli za adenosini na AMP (adenosini monofosfeti) naona karibu kitu kilekile. Tofauti ni fosfeti tu?

— Ndiyo. Besi ya nitrojeni ikiungana na sukari ni nyukleosidi, kama adenosini. Bandika fosfeti kwenye kaboni ya 5 ya sukari, umepata nyukleotidi, kama AMP.

— Hiyo "tu" siipendi, mkuu! Fosfeti ina chaji hasi, haipenyi kirahisi utando wa seli. Ndiyo maana zidovudini, dawa ya VVU iliyoidhinishwa Marekani 1987, humezwa ikiwa nyukleosidi. Vimeng'enya vya seli huibandika fosfeti tatu humo ndani, ndipo inaponasa kwenye DNA ya kirusi na kukatiza mnyororo wa DNA hiyo.

— Kumbe! Basi ATP (adenosini trifosfeti) nayo ni nyukleotidi?

— Naam, adenosini yenye fosfeti tatu.