Maonyesho kuhusu ghasia za Watts, Los Angeles, 1965: tuanze na Debord au Purifoy?

Igogo_Sanaa: Habari wakuu. Kikundi chetu hapa Mwanza kinaandaa maonyesho kuhusu jinsi wasanii na wanasiasa wa mrengo mkali wa kushoto walivyozitazama ghasia za mijini. Ukuta ni mmoja tu. Tutangulize maandishi ya Guy Debord, mwananadharia wa Kifaransa, au kazi za Noah Purifoy, mchongaji wa Kimarekani? Pia tunachapa mabango kwa skrini kama yale ya Paris 1968, ila dawa ya skrini inayogandishwa kwa mwanga (emulsion) inabanduka tukiosha.

Mjukuu wa Kirumba: Tangulizeni Purifoy. Debord aliandika Desemba 1965 akiwa Paris. Hoja yake nzito: anayeiba friji kubwa na kwake hakuna umeme ameuanika uongo wa kwamba neema imewafikia wote. Kali, lakini ukiibandika ukutani watu watapita bila kuisoma. Purifoy alikuwa Watts kwenyewe. Yeye na msanii mwenzake Judson Powell walikusanya tani tatu za mabaki: mbao zilizoungua, mabango ya neoni ya maduka yaliyoyeyuka. Humo likatoka onyesho la 66 Signs of Neon, 1966.

Na picha za moto msizikuze, tafadhali. Mtu ataondoka na moto kichwani, chanzo kimempita. Watu 34 walikufa. Kukamatwa kwa dereva mmoja tarehe 11 Agosti kuliwasha tu, kero za polisi, ajira na makazi zilikuwapo zamani.

Fundi_Skrini: Dawa haijakauka, au mwanga haukutosha. Hewa ya ziwani ina unyevu, kwa hiyo pakeni tabaka mbili nyembamba, skrini ilale gizani na feni, upande unaogusa karatasi ukitazama chini. Ukiigusa ikawa ya baridi au inanata, bado. Kwenye jua fanyeni jaribio kwanza: funikeni kwa kadibodi, isogezeni kidogo kila sekunde 10, mkiiosha mtaona sehemu iliyoshika bila kuziba herufi. Kwa karatasi tumieni wavu wa nyuzi 90 kwa sentimita. Wa 43 ni wa fulana, utamwaga wino mwingi na maandishi yatavimba.

Igogo_Sanaa: Shukrani, wavu wetu ni huo wa 43. Tubadilishe.

Nyakato68: Zaidi ya wino, igeni utaratibu wa Atelier Populaire, karakana iliyochapa mabango hayo ya Paris 1968. Hawakutia sahihi. Kila mchoro ulipelekwa kwenye mkutano na kuulizwa mawili: wazo ni sahihi kisiasa? Bango linalifikisha? Likikwama hapo, halichapwi. Wekeni meza ukumbini, wageni wapige kura ya mabango yenu kabla hamjagusa skwiji (kibao cha kusukumia wino).